Nusu Alama

Swali la saba: Taja nchi za Afrika
zilizotia saini hati ya Umoja wa Mataifa, mwaka arobaini na tano.
Darasa zima limeandika nne, kama nilivyowafundisha:
Misri, Habeshi, Liberia, Afrika Kusini.
Mejumaa wa dawati la nyuma kaandika tano.
Ya tano: Tanga.

Kalamu nyekundu imesimama.
Nje, Barabara ya Kumi na Mbili,
fundi baiskeli ananyoosha rimu kwa nyundo, haishi.

Babu yangu Singano alikuwa mtu wa mizani
kwenye ghala la mkonge, bandarini.
Robota likipanda, yeye huandika uzito kwa lami.
Vita vilipowanyima wakubwa kamba za mashariki ya mbali
manamba wakakata mkonge hadi usiku,
na manowari zikafungwa gatini
kwa jasho la Pongwe, la Muheza, la Korogwe.
Mdogo wake, Kilua, alipelekwa Burma.
Ikarudi barua, na mshahara wa mwezi mmoja.

Vita vilipoisha karani akasoma gazeti mbele ya wapagazi:
mataifa hamsini yamekutana ng'ambo, yameunda chama cha amani.
"Amani?" akauliza Mbondei mmoja. "Si kule kwetu milimani,
kwenye miti ya kwinini ya Mjerumani?"
Watu wakacheka hadi kofia zikaanguka.
Babu hakucheka. Alikuwa anahesabu.

Misri, kidole cha mwisho,
na wageni wenye bunduki bado wamelala kwenye mfereji wake.
Habeshi, cha pete. Huyu alishalia mbele ya baraza la kwanza,
moshi wa sumu ukinuka nguoni mwake,
wakubwa wakatazama saa.
Liberia, cha kati.
Afrika Kusini, cha shahada,
na hapo babu alikikunja nusu,
maana ni shahada gani hiyo,
ya mtu anayeandika "utu" ng'ambo
na nyumbani anamdai mweusi cheti cha kuvuka barabara?

Vidole vinne.
Gumba likabaki limetazama juu.
"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema.
"Haya, na vinne bila gumba vinavunja nini?"

Kisha likaja neno jipya: udhamini.
Tanganyika iko chini ya udhamini.
Ngamiani tunavyojua, mdhamini ni wa mwenye deni.
Babu akamuuliza kila aliyevaa miwani:
Tulikopa lini? Nani kaiona hati?
Bomani wakamwambia arudi Jumatatu.
Jumatatu zikawa nyingi.

Wajumbe wa baraza walipokuja kututazama, jasho likiwatoka,
aliwapelekea karatasi.
Si ya malalamiko, alisisitiza. Ya hesabu.
Robota kadhaa. Wanaume kadhaa. Kilua, mmoja.
Chini yake madole gumba mia na kumi na sita, wino wa zambarau.
Lake lina mfereji katikati:
mwiba wa mkonge ulipita hapo.
Nakala ninayo, kwenye kopo la biskuti,
chini ya kadi za chanjo za wanangu.

Jibu halikuja.
Au lilikuja yeye akiwa ameshazikwa:
Desemba ya sitini na moja, kiti kikavutwa,
bendera moja zaidi ikapanda kwa kamba.
Sijui kamba ile ilitoka wapi.
Sitaki kuuliza. Nataka iwe ya Pongwe.

Sasa wewe, Mejumaa.
Ulikosea? Ulisinzia?
Au na kwenu kuna kopo?

Mwongozo wa kusahihisha unasema nne.
Nimekupa nne zako, na nusu.
Mwalimu wa taaluma akiniuliza hii nusu imetoka wapi
nitamnyooshea mkono,
ahesabu mwenyewe.